Chuma cha Milimani, Shaba ya Pwani: Historia ya Uhunzi katika Bonde la Ruvu

Ngombezi ni kata ya Korogwe iliyo katika bonde la mto ambao ramani za leo huuita Pangani na ambao wenyeji wa zamani waliujua zaidi kwa jina la Ruvu. Msafiri anayepita hapo siku hizi hukutana kwanza na mashamba ya mkonge, lakini kwa karne nyingi kabla ya mkonge kufika, bonde hilo lilikuwa ukanda ambamo chuma kilichoyeyushwa milimani kilikutana na shaba iliyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Kaskazini imesimama milima ya Usambara, na kwa anayeufuata mto kuelekea chanzo chake huja milima ya Upare. Kusini zimetandaa tambarare za Uzigua zinazofika Handeni. Na mashariki, kwa mwendo wa siku chache tu za mguu, kuna bandari ya Pangani. Mahali pa namna hiyo hapakuhitaji kuwa na machimbo yake ili pawe na metali, kwa sababu kila kilichoshuka kutoka milimani na kila kilichopanda kutoka pwani kililazimika kupita humo.

Kwa sababu hiyo, historia ya uhunzi wa eneo hili haielezeki kwa kulitazama tanuri peke yake. Ni historia ya watu wa aina tatu waliotegemeana, yaani aliyeyeyusha, aliyefua na aliyesafirisha, na ushahidi uliopo waonyesha kwamba yule wa tatu ndiye mara nyingi aliyewaamulia wawili wa mwanzo. Kila njia ya uchukuzi ilipobadilika, malighafi ya mhunzi nayo ilibadilika: mchanga mweusi wa mitoni ukafuatwa na waya wa madukani, na waya ukafuatwa na mabaki ya reli na magari. Kazi ya kuyeyusha ilikufa katika safari hiyo, ilhali kazi ya kufua ikaendelea kuishi, na tofauti hiyo ya hatima kati ya kazi mbili zinazodhaniwa kuwa moja ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Yafaa basi kuzitenganisha kazi hizo tangu mwanzo. Kuyeyusha mtapo, yaani mawe au mchanga wenye metali ndani yake, ni kuitoa metali katika hali yake ya asili kwa moto na makaa. Kufua ni kuipasha moto metali iliyokwisha kupatikana na kuipiga kwa nyundo juu ya fuawe mpaka ipate umbo linalotakiwa. Kusubu ni kuiyeyusha metali hiyo hadi iwe majimaji na kuimimina katika kalibu ili igande kwa umbo la kalibu. Mhunzi mmoja aliweza kuzijua kazi zote tatu, lakini hakulazimika kuzijua zote, na wengi waliosifiwa kwa nyundo zao hawakuwahi kuyeyusha mtapo hata siku moja.

Hali hiyo ya fundi kutegemea metali ya mbali haikuwa ya Afrika Mashariki pekee, na mfano wa kale unaoionyesha vizuri ni vioo vya Wagiriki. Katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, Wagiriki walijitazama katika visahani vya bronzi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na bati, vilivyosuguliwa mpaka vikaonyesha sura. Shaba ilipatikana kwa wingi katika kisiwa cha Kupro, lakini bati lilitoka mbali kiasi kwamba mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5, alikiri kwamba hakuwa na habari za hakika juu ya visiwa vilivyosemekana kuwa chanzo chake. Fundi wa Korintho, basi, alitengeneza kitu kilichohesabiwa kuwa cha Kigiriki kabisa kwa kutumia metali iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wengi asiowajua.

Utengenezaji wenyewe ulianza kwa kusubu. Shaba na bati viliyeyushwa pamoja, vikamiminwa katika kalibu ya kisahani cha duara, na kisahani kilipopoa kikapigwa kwa nyundo ili kiwe chembamba na kigumu. Bati lilipozidi, rangi ya bronzi ilififia kutoka wekundu kuelekea weupe, na uso ulioiakisi sura ukawa bora zaidi. Lakini bati lilipozidi mno, metali ilikuwa kavu na rahisi kuvunjika, kwa hiyo fundi alipaswa kuupima mchanganyiko wake kwa uangalifu. Baadaye uso ulisuguliwa kwa vumbi laini la mawe. Vioo vingine viliundiwa mpini wa kushika, vingine vikawekwa juu ya kinara chenye umbo la mwanamke aliyesimama, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 5 vikaenea vioo vya kukunja, ambavyo vilikuwa na kifuniko kilichopambwa kwa picha zilizofuliwa kwa kugongwa kutoka upande wa ndani. Kwa kuwa bronzi hupoteza mng'ao inapokaa katika hewa, kioo kilihitaji kusuguliwa tena na tena, na mwenye kioo alilazimika kujua sehemu ndogo ya kazi ya fundi ili kifaa chake kiendelee kumfaa.

Lugha hiyohiyo ya Kigiriki ndiyo iliyoandikiwa maelezo ya zamani sana ya biashara ya metali katika upande huu wa bahari. Mwongozo wa mabaharia unaojulikana kama *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, ulioandikwa katika karne ya 1 baada ya Kristo na mfanyabiashara wa Misri aliyetumia Kigiriki, unataja kwamba katika bandari ya Adulis, iliyo katika Eritrea ya leo, ziliingizwa bamba za shaba laini ambazo watu wa huko walizitumia kwa vyombo vya kupikia na kuzikata ili zifanywe bangili na vikuku vya wanawake. Mwongozo huo unaendelea kusini hadi Rhapta, mji wa biashara wa mwisho katika Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, ambako kwa mujibu wake iliingizwa mikuki iliyotengenezwa Muza katika Yemeni, pamoja na mashoka madogo, visu, misharasi na aina kadhaa za vitu vya kioo, na kutoka huko zikachukuliwa pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wataalamu hawajaafikiana mahali ilipokuwa Rhapta, na mdomo wa mto Pangani ni mojawapo ya mahali palipopendekezwa, lakini jambo la msingi halitegemei mahali hapo: tangu miaka 2,000 iliyopita, metali ilikuwa ikiingia pwani ikiwa tayari imeyeyushwa, na watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakiibadilisha kulingana na mahitaji yao.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba watu wa bara waliisubiri pwani ili wapate chuma. Akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza mabaki ya kale yaliyofukiwa ardhini, imeonyesha kwamba wakulima wenye ujuzi wa chuma walikuwa wamekwisha kukaa kaskazini-mashariki mwa Tanzania katika karne za kwanza baada ya Kristo. Robert Soper alizichunguza sehemu za milima ya Usambara na Upare katika miaka ya 1960 na kukuta vyungu vya mtindo wa Kwale, uliopewa jina la mahali huko Kenya alikochimba yeye mwenyewe. Kusini zaidi, katika wilaya ya Kisarawe, Felix Chami alifukua huko Limbo marundo ya mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki baada ya mtapo kuyeyushwa, na huko Dakawa, katika mkoa wa Morogoro, Randi Haaland na Caesar Msuya walionyesha kuwapo kwa kijiji kilichojishughulisha na uyeyushaji wa chuma katika milenia ya kwanza.

Katika bonde lenyewe, utafiti wa Jonathan Walz uliofanyika katika maeneo ya Korogwe, Mombo na Gonja ulifukua makazi yenye vyungu vinavyofanana na vya pwani, ushanga wa kioo na makombe ya baharini. Vitu hivyo vinathibitisha kwamba njia ya Pangani haikubuniwa na misafara ya karne ya 19, kama vitabu vingi vya zamani vilivyodhani, bali ilikuwa ikitumika zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hapo. Watu waliokaa kati ya Korogwe na Mombo walikuwa wakulima, wafugaji na mafundi, nao walipokea vitu vya bahari bila kuacha kutengeneza vya kwao, na hali hiyo ya kupokea na kutengeneza kwa pamoja ndiyo iliyoendelea kulitambulisha bonde.

Chuma kilichojulikana sana katika ukanda huo kilitoka Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare. Mtapo wake haukuchimbwa katika mashimo marefu, bali ulikusanywa ukiwa mchanga mweusi na mzito ambao mvua huuchambua na kuuacha katika mikondo ya maji na kandokando ya njia. Mchanga huo una magnetiti, yaani madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na kwa kuwa ni mzito kuliko mchanga wa kawaida, uliweza kutenganishwa kwa kuoshwa kwa maji. Hii ilimaanisha kwamba sehemu ya kwanza ya kazi haikuhitaji mhunzi. Ilihitaji mikono mingi yenye subira, na kwa njia hiyo jamii nzima ilichangia kumpatia mhunzi kitu cha kutia motoni.

Katika tanuri, mchanga na makaa vilitiwa kwa tabaka, na hewa ikasukumwa na mivukuto ya ngozi kupitia mabomba ya udongo wa kufinyangwa. Makaa yalifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: yalitoa joto, na gesi yake iliinyang'anya magnetiti oksijeni iliyoshikamana na chuma. Joto la tanuri la namna hiyo hufika nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ilhali chuma halisi huyeyuka kwa nyuzi 1,538, kwa hiyo chuma hakikutoka kikiwa majimaji hata kidogo. Kilichoyeyuka na kutiririka ni taka. Chuma chenyewe kilibaki bonge lenye matundu kama sifongo, ambalo lilipashwa moto upya na kupigwa mara nyingi ili taka iliyosalia ikamuliwe nje. Ndipo kilipopatikana kipande safi ambacho kingeweza kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi hiyo ilikula makaa mengi, na makaa yalidai miti migumu, hivyo kilo moja ya chuma ilikuwa imebeba ndani yake jasho la wakusanya mchanga, wakata miti, wavukutaji na wafuaji.

Kitu cha gharama kiasi hicho hakikuweza kukosa uzito wa kisiasa. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, aliandika mapokeo yanayosema kwamba Ugweno ilitawaliwa hapo zamani na Washana, ukoo wa wahunzi, mpaka walipopinduliwa na Wasuya chini ya uongozi wa Angovi, tukio ambalo yeye alilikadiria kuwa la karne ya 16 hivi. Washana walipoteza utawala lakini hawakupoteza tanuri. Waliendelea kuheshimiwa na kuogopwa, kwa kuwa aliyeshika moto na nyundo aliaminiwa kuwa na uwezo wa kulaani na wa kuondoa laana. Kwa Wamaasai, ambao malisho yao yalifika kandokando ya bonde, mambo yalikuwa kinyume: wahunzi wao, walioitwa Ilkunono, walitengwa na watu wengine na hawakuoana nao, ingawa hapakuwa na shujaa aliyeweza kwenda vitani bila mkuki wao. Heshima ya Upare na utengwaji wa Umaasaini vilitokana na chanzo kimoja, kwamba mhunzi alikuwa mtu ambaye kila mmoja alimhitaji na ambaye hakuna aliyeielewa kazi yake kikamilifu.

Wakati milima ikitoa chuma, miji ya pwani nayo ilikuwa na mafundi wake. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme wa Sicily, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma, na Chapurukha Kusimba amechimba katika pwani ya Kenya, ikiwa ni pamoja na Galu, mahali palipoyeyushwa chuma zamani. Upande wa shaba, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao kwa metali hiyo, nazo zilisafiri mbali kiasi kwamba moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua sanamu ndogo ya simba iliyotengenezwa kwa bronzi, na Lamu ilihifadhi siwa yake kubwa ya shaba ya njano, baragumu la kifalme lililopigwa katika sherehe za wakubwa.

Siwa ya Lamu inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ilisubiwa kwa ufundi wa nta inayopotea. Fundi huunda kwanza umbo la nta, akalifunika kwa udongo, kisha akalipasha moto mpaka nta iyeyuke na kutoka, na katika nafasi iliyoachwa wazi akamimina metali iliyoyeyuka. Udongo unapovunjwa, hutokea kitu kimoja tu ambacho hakiwezi kurudiwa kwa kalibu ileile. Ufundi huo ulihitaji mji wenye matajiri wa kuugharamia, na ndiyo maana ulistawi pwani kuliko bara. Bonde la Ruvu halikuwa na jumba la kuweka siwa; lilihitaji majembe ya kulimia, mishale ya kuwindia na mapambo ya kuvaa, na vitu hivyo vilitengenezwa kwa nyundo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na karne ya 19. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na tangu hapo merikebu za Salem huko Marekani, na baadaye za mataifa ya Ulaya, zilishusha Unguja nguo za merikani pamoja na mizigo ya waya wa shaba. Waya mnene wa shaba uliitwa masango, na pamoja na nguo na ushanga ukawa mmojawapo wa mihimili mitatu ya biashara ya bara. Richard Burton, ambaye mwaka 1857 alilipita bonde hili pamoja na John Hanning Speke akielekea Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alieleza jinsi masango yalivyogeuzwa kuwa vitindi, yaani bangili za waya uliozungushwa mara nyingi mkononi. Pangani ilikuwa mlango mkuu wa misafara ya kuelekea Kilimanjaro na Umaasaini, na mizigo hiyo ilipandishwa kwa mabega ya wapagazi kupitia Korogwe na Mazinde, huku pembe za ndovu zikiteremshwa kwa njia ileile.

Shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, ilikuwa na sababu ya kikemia ya kuletwa ikiwa tayari. Zinki hugeuka mvuke kwa nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka kwa nyuzi 1,085, kwa hiyo kuzichanganya mbili hizo ni kazi ngumu isiyowezekana katika tanuri la wazi. Lakini mchanganyiko ukishapatikana, huwa mtiifu kwa fundi mwenye vifaa vichache: hupindika ukiwa baridi, hulainika ukipashwa moto na kuachwa upoe, na huyeyuka kwa joto ambalo chungu kidogo na mivukuto miwili vinaweza kulifikia. Waya mnene uliweza kuvutwa kupitia matundu ya kipande cha chuma, kila tundu likiwa jembamba kuliko lililotangulia, mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Wasafiri wa karne ya 19 waliwasifu wahunzi wa Uchagani kwa mikufu midogo na mikuki mirefu waliyoitengeneza kutokana na waya wa kigeni, na Joseph Thomson, aliyeivuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alibeba waya wa chuma, ambao misafara iliuita senenge, kwa sababu bila huo asingeruhusiwa kupita.

Katika kung'arisha, mhunzi wa bonde na fundi wa Kigiriki walikabiliana na tatizo moja. Shaba ikikaa hewani hufunikwa na utando mweusi au wa kijani, na chuma hushikwa na kutu, hivyo mng'ao si sifa ya metali yenyewe bali ni matokeo ya kazi inayorudiwa. Mikuki ilisuguliwa kwa mchanga na kupakwa mafuta; mapambo ya shaba yalisafishwa kwa majivu na kwa vitu vichachu kama ndimu na ukwaju, kwa kuwa uchachu huuyeyusha ule utando; na majani makavu ya msasa, ambayo yana ukakasi, yalitumika kulainisha mbao na mipini. Mwanamke aliyejaza vitindi kutoka kifundo hadi kiwiko alionyesha utajiri wa aina mbili, wa metali aliyoivaa na wa muda uliotumika kuifanya ing'ae.

Biashara hiyo iligeuza pia mizani ya madaraka. Kimweri alifariki mwaka 1862, na mwanawe Semboja akaikwepa Vuga ya milimani na kujiimarisha Mazinde, kwenye tambarare, mahali misafara ilipopita na bidhaa zake, bunduki zikiwamo. Wazigua wa kusini mwa mto walikuwa wametangulia kupata bunduki kwa sababu ya ukaribu wao na pwani, na Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameonyesha jinsi silaha na biashara vilivyoudhoofisha utawala ambao nguvu zake zilitokana na milima na kodi ya mazao. Vita vya kugombea ufalme vimesimuliwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika *Habari za Wakilindi*, kazi iliyoanza kuchapishwa na wamisionari wa Kianglikana mwishoni mwa karne ya 19. Mhunzi wa zama hizo alijikuta na kazi mpya: alitengeneza bunduki zilizoharibika, na akafua kwa chuma kilichokuja kama waya badala ya kile kilichotoka tanurini.

Hapo ndipo kuyeyusha kulipoanza kupoteza sababu yake. Mtu aliyeweza kupata senenge kwa mbuzi au kwa mahindi hakuwa na haja ya kukusanya mchanga, kukata miti na kukesha tanurini. Tanuri la Ugweno halikushindwa kwa ubora. Lilishindwa kwa hesabu ya jasho, kwa kuwa viwanda vya Ulaya vilitumia makaa ya mawe na mashine pale Upare ilipotumia mapafu na mikono ya watu. Majembe yaliyotengenezwa Ulaya yalipoanza kuingia, soko la jembe la milimani likadhoofika zaidi.

Ukoloni wa Kijerumani uliikamilisha kazi hiyo. Baada ya vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Reli iliyopita bondeni iliigeuza njia ya wapagazi kuwa kumbukumbu, na bandari ya Pangani ikapoteza nafasi yake kwa Tanga. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na ile 62 iliyosalia hai ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana nayo yakaenea mashamba yaliyolifunika bonde, likiwamo la Ngombezi. Shamba la mkonge lilihitaji korona, mashine kubwa inayoyasaga majani na kuacha nyuzi, na korona ilihitaji karakana, mafundi wa mashine na mafundi wa troli za reli nyembamba. Uhunzi ulijipatia makao mapya chini ya paa la bati, ukiwa na saa za kuingia na za kutoka.

Nje ya karakana, mhunzi wa kijiji aliendelea na fuawe yake kwa kutumia kila kilichotupwa. Vipande vya reli vilikuwa fuawe nzuri, na springi za magari, ambazo zimetengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha kushika makali, zikawa malighafi iliyopendwa kwa mapanga, mashoka na nyundo. Serikali ya Tanzania huru ilijaribu kuipatia nchi zana zake kwa kiwanda cha Ubungo Farm Implements, kilichoanza kutoa majembe mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa kuunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973. Majembe ya kiwandani yakawafikia wakulima kwa wingi, lakini mpini ulipolegea au ncha ilipokwisha, jembe lilirudi kwa mhunzi yuleyule, kwa kuwa kiwanda huuza jembe na hakirudi kulitengeneza.

Kioo cha kujitazamia kilikuwa na hatima tofauti. Mwaka 1835 Justus von Liebig alivumbua njia ya kupaka fedha nyembamba juu ya kioo kwa kemikali, na vioo vidogo vya bei rahisi vikaingia katika mizigo ya misafara pamoja na ushanga. Kioo cha aina hiyo hakihitaji kusuguliwa, wala hakiwezi kufuliwa upya kikivunjika. Hakimpi mhunzi kazi ya kuanza nacho wala ya kumaliza nacho. Bronzi ya Wagiriki ilipokiachia kioo nafasi, ufundi wake wote uliondoka nayo. Waya wa shaba na springi ya gari, kwa upande mwingine, vilifika Korogwe vikiwa vitu visivyokamilika, vinavyomngoja mtu wa kuvikamilisha.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini uhunzi wa bonde la Ruvu ulipoteza nusu yake na kuhifadhi nusu nyingine. Uyeyushaji ulishindana na bidhaa iliyofanya kazi ileile kwa gharama ndogo, kwa hiyo ukafa. Ufuaji ulipokea kila bidhaa iliyokuja kuwa malighafi yake, kwa hiyo ukaendelea. Wanaolia kwamba ustadi wa wahenga ulipotea kwa kuingia kwa vitu vya nje wanasema kweli kuhusu tanuri, lakini wanaisahau fuawe. Na wanaosema kwamba bonde hili halikuwa na ufundi wake, kwa sababu shaba yake ilitoka Unguja na chuma chake kilitoka Upare, wangelazimika kusema hivyo hivyo kuhusu fundi wa Korintho, ambaye bati la kioo chake lilisemekana kutoka katika visiwa ambavyo hata Herodotus hakuweza kuvithibitisha.